Mkaguzi wa Mizani

Mchana kazi yangu ni kupima mizani za watu wengine.
Soko la Oulu, kibanda kwa kibanda,
natoa jiwe la kilo kwenye mkoba wa ngozi,
naliweka kwenye sahani inayonuka samaki wa moshi,
nangoja mshale utulie.
Ukikosea gramu tano nabandika karatasi nyekundu,
na muuzaji ananitazama kana kwamba nimemwita mwizi
mbele ya mama yake.

Alhamisi usiku ni mwamuzi wa mazimwi.

Jikoni kwa Henna. Nje nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
ndani kahawa, maandazi ya mdalasini,
dadu zimetapakaa kama meno ya mtoto.
Henna ananisukumia karatasi:
apizo jipya, kalitunga mwenyewe zamu ya usiku,
wodi ya wazee, nyuma ya fomu ya dawa.

*Pumzi ya Januari. Daraja la tatu.
Dadu kumi. Anayepigwa hana nafasi ya kukwepa.*

"Tarmo, lina mizani?"

Nachukua penseli.
Moto wa kitabuni, daraja hilohilo, dadu nane:
wastani ishirini na nane,
lakini adui mmoja kati ya wawili hukwepa, akaungua nusu;
kwa hiyo, kwa haki, ishirini na moja.
La Henna: thelathini na tano. Halipungui. Halibishiwi hodi.
"Limezidi," nasema.
"Mazimwi nayo yamezidi," anajibu Iiris,
ambaye hajawahi kukataa kitu kinacholipuka.

Hesabu ni rahisi. Hesabu haijawahi kunikosesha usingizi.

Ila namwona Kaarlo.
Kaarlo mpiga upanga, pigo moja kwa zamu,
pointi saba akibahatika, na huzitamka polepole
kama mtu anayelipa deni kwa sarafu.
Anakusanya vumbi la kichongeo kwa ncha ya kidole,
analipanga mstari, analivuruga, analipanga tena.
Nani atamhitaji, Januari ikishapumua?
Zimwi halina malalamiko, litakufa hivi au vile.
Apizo likizidi, anayeumia
ni aliyeketi upande huu wa meza.

Hilo jiwe silo kwenye mkoba wangu.

"Kwa nini wasikwepe?" namuuliza Henna.
Anakorogea kahawa isiyo na sukari.
"Kwa sababu wiki nzima," anasema, "kila nilichofanya
kilifika nusu."

Hapo tena penseli ikawa nzito.

Nikakata: dadu saba. Kukwepa hakuna, nimemwachia hilo.
Ishirini na nne na nusu. Na bei juu yake:
apumuaye Januari hubaki bila pumzi,
zamu nzima hawezi kutamka neno,
na mtu lazima asimame mbele yake na ngao.
Sikutaja jina. Kaarlo akaacha vumbi lake.

Tukalijaribu papo hapo. Zimwi la ziwani,
uhai uliobaki ishirini na nne kamili, nimeuandika, nimeufunika kwa kiganja.
Henna akatikisa, akamwaga:
nne, moja, tatu, tatu, tano, mbili.
Kumi na nane.
Ya saba ikagonga sahani, ikaruka,
ikaingia chini ya jiko.

Kaarlo alikuwa wa kwanza sakafuni,
shavu kwenye vigae, mkono mmoja gizani.
Kimya. Friji ikanguruma, ikanyamaza.

"Sita," akasema kutoka huko chini,
na alipoinuka dadu ilikuwa ndani ya ngumi.

Henna akapiga meza mpaka vikombe vikacheza.
Iiris tayari anachora kaburi la zimwi.
Mimi, mwenye muhuri wa serikali mfukoni,
nisiyemwamini muuza samaki kwa gramu tano,
nikainua kiganja,
nikafuta ishirini na nne,
wala sikuinama kutazama.